Je, wajua kwa nini serikali ya Massachusetts ilishindwa kesi na matineja wanne?

Serikali ikitangaza lengo la kupunguza gesi joto, yaani hewa kama kaboni dioksidi zinazoongeza joto duniani, wengi wetu tunapita tu, tushazoea, leo linasomwa jukwaani kesho hakuna anayelikumbuka. Ila lengo likiandikwa kwenye sheria mambo yanakuwa mengine kabisa, na kesi moja ya Massachusetts kule Marekani inaonesha vizuri sana.

Mwaka 2008 bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba ifikapo 2050 gesi joto ziwe zimeshuka angalau asilimia 80 kulinganisha na 1990. Sawa, lakini 2050 ni mbali jamani, gavana anayetia saini leo siku hiyo keshastaafu zamani, nani atamuuliza? Ndo maana wakaweka na kipengele kingine: idara ya mazingira ya jimbo itunge kanuni zenye vikomo vinavyoshuka mwaka hadi mwaka, na iwe imezitoa kabla ya Januari 1, 2012 kuisha.

Siku ikapita, kanuni hazikutoka. Matineja wanne na mashirika ya mazingira wakaenda kortini. Idara ikajitetea kwamba sheria yenyewe inasema vikomo viwe katika "kiwango kinachotakikana", sasa kitu cha kutakikana si amri, ni matumaini tu, halafu isitoshe tayari kuna programu kadhaa, mojawapo ya moshi wa magari.

Mahakama ya chini ikakubaliana na idara. Lakini Mei 2016 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema hapana, bunge limeamuru, halijashauri. Na hapa kwenye magari ndo pananifurahisha zaidi, maana programu ile ilikuwa inabana moshi kwa wastani wa gari kwa kila maili. Sasa kila gari likitoa moshi kidogo ila magari yakaongezeka na watu wakaendesha zaidi, jumla imeshuka wapi? Sheria ilitaka jumla ishuke, kila mwaka, kwa namba inayoonekana.

Miezi michache baadae gavana Charlie Baker akatoa amri kazi ianze, na Agosti 2017 kanuni zikatoka. Yaani miaka mitano na zaidi kwa kitu kilichokuwa tayari kimeandikwa, inauma, lakini bila ile sheria wale vijana wangeshika nini mkononi mbele ya jaji?

Wabunge nao walijifunza. Januari 2021 Baker alikataa kusaini muswada mpya, wakaupitisha tena, na Machi akausaini: gesi joto zishuke asilimia 50 kulinganisha na 1990 ifikapo 2030, 75 ifikapo 2040, na 2050 isibaki gesi yoyote isiyofidiwa, yaani inayotolewa iwe sawa na inayoondolewa hewani. Katikati kuna kikomo kila baada ya miaka mitano, hivyo magavana wengi kinawakuta wakiwa bado ofisini.

Kubwa zaidi kwangu ni kwamba jumla ikagawanywa mafungu sita: umeme, usafiri, joto na ubaridi wa nyumba za watu, wa majengo ya biashara na viwanda, shughuli za viwandani, na mabomba ya gesi. Maana jumla inaficha mambo. Mtambo wa mwisho mkubwa wa makaa ya mawe jimboni, Brayton Point, ulizimwa 2017, na umeme ukisafika hivyo jumla inapendeza hata kama barabarani hakuna kilichobadilika. Siku hizi usafiri una namba yake peke yake.