Dungusi si mtungi wa maji

Wengi tumekua tukiamini kwamba ukikwama jangwani, kata dungusi unywe. Katuni ndizo zilizotufundisha, nadhani.

Chukua saguaro, dungusi refu la jangwa la Sonora, huko Arizona na kaskazini mwa Meksiko, linaloweza kupita mita 12. Mvua ikinyesha, mizizi yake iliyotanda karibu na uso wa ardhi hufyonza upesi, na shina lenye mikunjo likatanuka. Maji yamo kweli, ila yameshikwa ndani ya nyama chungu yenye asidi na alkaloidi, yaani kemikali za mmea zinazoweza kudhuru mwili. Ukiitafuna unaweza kutapika au kuharisha, ukapoteza maji kuliko uliyopata.

Jirani yake, panya kangaruu, hana tangi lolote, hata tumboni. Hula mbegu kavu. Mwili unapozichoma kwa oksijeni, maji huzaliwa humo humo. Figo zake hukamua mkojo hadi ukawa mzito mno, na mchana hujichimbia shimoni. Anaweza kuishi maisha yake yote bila kunywa.

Kinachowafananisha ni usiku, joto likipungua na maji yasipopotea ovyo: panya hutoka kutafuta mbegu, na saguaro hufungua vitundu vyake vya kupumulia.