Mikwaruzo myembamba kwenye rangi ya gari: yanayosemwa na ukweli wake

Egesha gari jeusi juani, kisha simama mbele ya boneti. Pale jua linapomulika utaona mistari myembamba kama utando wa buibui, imelizunguka doa la mwanga. Sogea hatua moja kando, na miduara nayo inahama.

"Ni miduara kwa sababu aliyeosha alizungusha mkono"

Kuhama huko kunatosha kuivunja dhana hii, maana mkwaruzo hauna miguu. Mikwaruzo imetapakaa boneti nzima na imeelekea kila upande. Jicho linapata mmeto wa ile tu iliyokingama na mwanga, na hiyo ndiyo inayoonekana kulizunguka doa. Kwa hiyo kuosha kwa kunyoosha mkono hakutakusaidia kama kitambaa kimebeba mchanga. Mikwaruzo mingi huzaliwa wakati wa kuosha na kukausha: vumbi linapanguswa kwa kitambaa kikavu, brashi za mashine ya kuoshea zinazunguka na uchafu wa gari lililotangulia, kitambaa kinaanguka chini kisha kinaokotwa na kazi inaendelea. Suuza gari zima kwa maji mengi kabla ya kuligusa. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kilichoanguka kina kazi nyingine, rimu kwa mfano.

"Paka nta, mikwaruzo itaondoka"

Itaondoka machoni, kwa muda. Magari mengi ya kisasa yana tabaka la rangi yenyewe, na juu yake vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Mikwaruzo tunayoizungumzia iko kwenye klia. Kila mkwaruzo ni mfereji mdogo wenye kingo zinazotawanya mwanga, ndiyo maana rangi inaonekana imefifia hata ikiwa safi. Nta inaujaza mfereji. Ikishaoshwa na kuisha, mfereji uko palepale. Polishi yenye chembe za kusaga hufanya kinyume chake: inapunguza klia kidogo hadi uso ulingane na sakafu ya mfereji. Mng'ao wa kudumu unarudi kwa kupunguza, si kwa kuongeza.

Hapa pana ujanja wa kuujua, maana polishi nyingine zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kama nta. Gari linatoka kwa fundi likimeremeta, na baada ya kuoshwa mara chache mistari inarudi. Fundi akimaliza, mwombe apanguse sehemu moja kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji ili mafuta hayo yatoke, kisha muimulike kwa tochi pamoja. Fundi anayeiamini kazi yake hatakasirika.

"Basi lipigwe polishi kila mwezi"

Klia ya kiwandani mara nyingi ina unene wa mikroni 35 hadi 50, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Polishi nyepesi huondoa mikroni chache tu, lakini kilichoondoka hakirudi. Klia ndiyo yenye viambato vinavyoikinga rangi na mionzi ya jua. Ikipungua mno, inapauka na kubanduka magamba meupe. Ikifika hapo hakuna polishi itakayosaidia, ni kupaka rangi upya. Kipimo cha unene kinachowekwa juu ya bodi kinasaidia, ila kile cha kawaida kinasoma matabaka yote kwa pamoja, yaani praima (rangi ya msingi), rangi na klia. Hakikuambii klia peke yake imebaki kiasi gani.

"Mashine inaunguza rangi, mkono ni salama"

Inategemea mashine gani. Ile inayozungusha sponji kwenye mhimili mmoja ina nguvu na joto jingi. Mikononi mwa asiyeizoea hula klia kwenye kingo za milango na mikunjo ya bodi, au huacha mawimbi yanayoonekana juani. Ile ambayo sponji yake inazunguka huku ikiyumba ni mpole zaidi: ukiikandamiza mno, mara nyingi sponji huacha kuzunguka. Mkono hauunguzi, ni kweli, lakini hausagi kwa usawa, na kwenye klia ngumu utachoka kabla mikwaruzo haijatoka. Njia ninayoiamini ni kujaribu kwanza kipande kidogo cha boneti, kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwa sponji laini na polishi nyepesi kuliko zote. Ikikubali, usiongeze ukali.

"Dawa ya meno inatosha"

Ina chembe za kusaga, kwa hiyo inaweza kufifisha mkwaruzo mdogo. Lakini chembe hizo zimetengenezwa kwa ajili ya meno, na zinaweza kuacha ukungu wake zenyewe. Ibaki bafuni.

"Seramiki inafuta kila kitu"

Seramiki, dawa inayopakwa juu ya klia, haifuti. Ikipakwa juu ya mikwaruzo inaifungia humo, na siku ukitaka kuiondoa mikwaruzo itabidi uisage seramiki kwanza. Ni utando mwembamba sana unaosaidia maji na uchafu kuteleza. Kitambaa chenye mchanga bado kitaukwaruza.

"Gari jeupe halipati mikwaruzo"

Linapata kama jeusi. Haionekani kirahisi tu.

"Sponji ikitoka na rangi, gari limeharibika"

Kwenye magari mengi ya zamani, na hata baadhi ya mapya, rangi haina klia juu yake, kwa hiyo sponji kugeuka nyekundu kwenye gari jekundu ni jambo la kawaida. Ila kama gari lina klia na sponji imeanza kushika rangi, zima mashine hapohapo. Klia imekwisha mahali hapo, na kila mzunguko wa ziada unapanua eneo ambalo fundi wa rangi atalazimika kulipuliza upya.