Kipimo cha fosfeti kikisoma sifuri, mwani bado una chakula

Wafugaji wengi wa matumbawe kwenye tangi la maji ya bahari hupima maji, huona fosfeti (kirutubisho cha mwani) 0, kisha huamua kwamba mwani wa nywele unaofunika mawe hautokani na virutubisho. Sivyo. Kipimo husoma kilichobaki majini tu. Mwani hunyonya fosfeti punde inapotoka kwenye chakula cha samaki, au inapovuja kutoka kwenye mawe yaliyoihifadhi kwa miezi.

Kosa la pili huzaliwa mtu akishajua hilo: kuongeza dawa ya kunasa fosfeti mpaka matumbawe yapauke kwa njaa. Mbaya zaidi, naitreti na fosfeti zikiisha kabisa, dinoflajelati (viumbe vidogo vya seli moja) hupata nafasi: utando wa kahawia wenye vipovu, na baadhi yake huua konokono. Lenga fosfeti 0.03 hadi 0.1 mg/l na naitreti 2 hadi 10 mg/l.

Kazi yenyewe huanza kwa mikono. Ng'oa mwani, sugua jiwe kwa mswaki mgumu huku bomba jembamba la mpira likivuta vipande, maana kila kipande kinachoelea hushika kwingine. Konokono wa Turbo waje baada ya hapo; nyuzi ndefu hawazigusi sana. Maji ya kujazia yapite kwenye kichujio cha RO (osmosisi kinyume) na cha kuondoa ioni, TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) isome 0. Dawa ya kunasa fosfeti ianze kwa nusu ya kipimo cha mtengenezaji. Rudia kung'oa kila wiki. Mawe yaliyoshiba fosfeti huchukua miezi kutulia.