Mgeni kaingilia mlango gani? Namna ya kuisoma baunsi ya tovuti yako

Alinijia ofisini mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani, mkononi ana karatasi aliyochapishiwa na kijana aliyemtengenezea tovuti. Tarakimu moja kaizungushia duara kwa kalamu nyekundu: baunsi, asilimia 71. "Mwanangu," akasema hata hajakaa, "watu wanaikimbia tovuti yangu."

"Wanaingilia mlango gani, bi mkubwa?" nikamuuliza. Akadhani namfanyia mzaha.

Ndilo swali lenyewe, lakini. Ukurasa wa mwanzo, ule wenye nembo na picha ya pwani, ni kama mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe: tunautia fedha nyingi, kumbe wageni wengi wanapitia uani. Anayetafuta habari za kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, kwenye Google anaangukia moja kwa moja ukurasa wa kima, na pengine asijue kama kuna ukurasa wa mwanzo. Ukurasa wa kwanza kufunguka katika ziara ndio ukurasa wa kuingilia, na ukurasa wako wowote unaweza kuwa huo.

Baunsi ni yule mgeni aliyegeukia mlangoni. Tuseme ziara 200 zilianzia ukurasa wa bei, na 150 kati yake zikaishia papo hapo. Baunsi ya ukurasa huo ni asilimia 75. Waliofika kwenye bei wakitokea kurasa nyengine hawamo katika hesabu hii. Kiwango cha kutokea ni kitu chengine: chenyewe kinatazama ukurasa ulikuwa wa mwisho mara ngapi, popote mtu alipoingilia.

Sasa, "kuishia papo hapo" maana yake nini? Hapa wengi wanateleza. Google Analytics ya zamani, programu ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, ilimhesabu baunsi kila aliyefungua ukurasa mmoja bila kufanya jambo jengine, hata kama kausoma dakika 20. Mfumo huo ulianza kusitishwa tarehe 1 Julai 2023. Wa sasa, GA4, unaita baunsi ziara ambayo haikupita sekunde 10, wala haikufungua kurasa mbili, wala haikukamilisha tendo uliloliwekea alama kuwa muhimu, kama kutuma maombi ya chumba. Sekunde hizo unaweza kuzipandisha hadi 60. Matomo, programu nyengine ya kazi hiyo, yenyewe inatazama kama mtu aliishia ukurasa mmoja. Kwa hiyo anayeleta kikaoni asilimia ya mwaka 2022 na ya leo akazilinganisha, analinganisha pishi na kilo.

Tena baunsi si hasara kila mara. Mtu yuko Mkoani, Pemba, anataka saa ya boti ya kwenda Unguja. Anafungua ukurasa wa ratiba kwenye simu, anaiona saa, anafunga. Sekunde 6. Kwa mashine huyo kageukia mlangoni. Kwangu mimi kahudumiwa vizuri kuliko wote.

Taasisi zetu zina mitego yao. Kompyuta za ofisi zimewekwa zifungue tovuti ya ofisi kila asubuhi, basi wafanyakazi wenyewe ndio "wageni" wanaofungua na kufunga. Matangazo tunayapandisha kama PDF, na anayeifungua moja kwa moja kutoka Google haonekani kabisa kwenye takwimu, kwa sababu msimbo wa kuhesabu umo kwenye kurasa, haumo ndani ya faili. Na ukiona baunsi ya asilimia 2 usishangilie. Mara nyingi msimbo umewekwa mara mbili, kila mgeni anahesabiwa kafungua kurasa mbili.

Tukarudi kwenye karatasi ya yule mama, safari hii ukurasa baada ya ukurasa. Ukurasa wa vyumba haukuwa na tatizo. Wa chakula ulikuwa na asilimia 75, lakini ziara zilizoanzia hapo zilikuwa 4 tu, huo tukauruka. Waliobeba ile 71 ni wageni wa ukurasa wa kima punju, aliouandika mwanawe kwa kujifurahisha. Picha zake zimetoka kwenye simu kama zilivyo, kila moja megabaiti 5, kwa mwenye mtandao dhaifu hazifunguki upesi. Anayevumilia anasoma, anafurahi, anaondoka, kwa kuwa hakuna popote palipoandikwa kwamba barabara ya Jozani, msitu wanakoishi kima hao, ndiyo hiyo hiyo ya kuendea Jambiani, na kwamba huko kuna chumba.

Kabla ya kuondoka akaitoa ile kalamu nyekundu. Akaikata 71 kwa mstari, pembeni akaandika: *kima, punguza picha, weka bei ya chumba.*