Faini ya mahakamani inaenda wapi? Ya kijiweni na ukweli wake

"Hiyo kashaila hakimu." Kaa kijiwe chochote hapa Chuga (Arusha), Ngarenaro hadi Sakina, mtu akipigwa faini tu lazima mmoja aseme hivyo. Sio kweli jamani. Faini na ada za kufungulia kesi ni maduhuli ya serikali, na Katiba ibara ya 135 inataka mapato ya serikali yaingie Mfuko Mkuu wa Hazina, hakimu ana mshahara wake, akikupiga laki au elfu hamsini hauongezeki hata mia.

Wengine wanaenda mbali zaidi, eti mahakama inatoza kubwa ili ijiendeshe. Bajeti ya mahakama inapita bungeni, na hesabu zake CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anazikagua kama za taasisi nyingine.

"Si nimpe tu mtu wa pale keshi, yote si hela?" Aisee hapa ndo watu wanapopigwa. Malipo halali yana kontrol namba, tarakimu 12 zinaanza na 99, unalipia benki au kwa simu pale kwenye malipo ya serikali na unabaki na risiti. Sasa ndugu wa mshtakiwa wamechanganyikiwa, karandinga liko nje linanguruma, anatokea jamaa na faili kwapani "leteni sabini nikawalipie fasta asipelekwe gerezani Kisongo", na hakimu alitamka hamsini, na bili ukiiangalia imeandikwa hamsini. Hiyo ishirini ya juu haina kontrol namba, haifiki Hazina leo wala kesho, na akikomaa, TAKUKURU wa kupambana na rushwa wanapatikana kwa simu 113, bure. Kwa maoni yangu hizi lawama zote za "hakimu kala" zinaanzia kwa huyu jamaa wa faili, maana yeye ndo watu walimuona akishika hela.

Halafu kuna hii ya kwamba faini anapewa aliyeibiwa. Mama kaibiwa simu soko la Kilombero, mwizi katiwa hatiani kapigwa faini laki, mama anakaa kwenye benchi nje anasubiri chake mpaka jioni! Faini kwa kawaida ni ya serikali mama angu. Chako wewe kinaitwa fidia, na fidia haiji yenyewe, mpaka hakimu aiamuru, kwa hiyo ukitoa ushahidi sema kabisa umepoteza nini na thamani yake, risiti ya simu kama unayo peleka.

"Dhamana ni kununua mtu atoke." Hapana, dhamana hainunuliwi. Wadhamini wanakuja na vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, wanasaini bondi, basi. Mahakama ikitaka muweke hela taslimu hiyo ni amana, imeshikwa tu, kesi ikiisha na hamjaruka dhamana mnarudishiwa, ila risiti itunzeni vizuri maana kesi zinachukua muda na karatasi za bongo tunazijua zinavyopotea.

Na ile faini ya trafiki msiichanganye humu, ile anaandika polisi barabarani na yenyewe ina kontrol namba yake, ukikubali kosa unalipa yanaisha, ukikataa ndo unaenda kwa hakimu.