Ushuru, ploti na notisi: dhana potofu kuhusu nyumba za bei nafuu Nakuru na Kisumu

Taja nyumba za bei nafuu pale Kaptembwo mjini Nakuru au Manyatta mjini Kisumu na mazungumzo yataenda moja kwa moja kwenye maghorofa mapya na makato ya mshahara. Lakini mkazi wa kawaida wa mitaa hiyo ni mpangaji wa chumba kimoja kwenye ploti, bomba na choo ni vya wote, na kinachomnyima usingizi ni kodi ya tarehe tano. Sera ya nyumba inamgusa kila siku, ila inapita kwenye njia ambazo watu wengi wamezielewa vibaya. Tuanze na ile inayopigiwa kelele zaidi.

Dhana: "Nakatwa kila mwezi, kwa hiyo nyumba yangu inakuja."

Hapana. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, unachokatwa ni ushuru. Hakiwekwi kwenye akaunti yenye jina lako, hakirudishwi ukistaafu, na hakikupi nafasi mbele ya foleni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: asilimia 1.5 ya mshahara mzima kutoka kwako, na asilimia 1.5 nyingine kutoka mfukoni mwa mwajiri. Mshahara wa 30,000 unakatwa 450 na mwajiri anaongeza 450. Hakuna kiwango cha chini kinachosamehewa. Aliyemwajiri msaidizi wa nyumbani pale Milimani kwa 15,000 anapaswa kumkata 225, aongeze 225 zake, na apeleke 450 kwa KRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kuisha. Akichelewa, anatozwa asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi. Kosa tunaloliona sana kwa waajiri wadogo ni kumkata mfanyakazi sehemu zote mbili. Hiyo ya pili si yake kulipa.

Kitu kingine cha kukagua kwenye hati ya mshahara: tangu tarehe 27 Desemba 2024 makato haya huondolewa kwanza, ndipo PAYE, yaani kodi ya mapato ya mshahara, ihesabiwe kwa kinachobaki. Kabla ya hapo kulikuwa na nafuu ya asilimia 15 ya makato, na sasa imefutwa. Mhasibu ambaye bado anatumia mpango wa zamani kwenye kompyuta anakupa hesabu isiyo sahihi.

Dhana hii ina chimbuko lake, na haifai kumcheka anayeiamini. Mpango wa 2018 ulikuwa wa mchango kweli, wenye ahadi ya kurudishiwa pesa baada ya miaka 15 au ukistaafu. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipoanza nao ulizungumzia kurudishiwa baada ya miaka saba. Kipengele hicho kiliondolewa kabla ya mswada kupita, lakini habari ya kwanza ndiyo iliyobaki masikioni. Kisha mnamo Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ushuru ule ni wa ubaguzi kwa kuwa ulilenga walioajiriwa pekee. Ndiyo maana sheria ya 2024 inawataja pia wenye kipato kisicho cha mshahara.

Anayetaka nyumba hujisajili kando, kwenye mfumo wa Boma Yangu au kwa kubonyeza *832#, akiwa na kitambulisho na PIN ya KRA. Kisha anaweka akiba ya hiari kwa ajili ya amana. Sheria ilipopitishwa iliweka amana ya asilimia 10: nyumba ya 1,500,000 inadai 150,000 kabla ya kupewa ufunguo. Mtu mmoja anapewa nyumba moja tu, na hawezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Jirani akikuambia atakuuzia "namba yake" ya Boma Yangu, shika pesa zako vizuri.

Dhana: "Zile ni za wenye pesa." Au kinyume chake: "Zile ni za maskini tu."

Sheria imegawa kwa kipato cha mwezi. Chini ya 20,000 ni nyumba za kijamii, 20,000 hadi 149,000 ni za bei nafuu, juu ya hapo ni za tabaka la kati. Kwa hiyo swali la kuuliza mradi unapotangazwa mtaani kwako ni hili: vyumba vingapi vimetengwa kwa kila kundi? Jengo moja linaweza kuitwa la bei nafuu bila kuwa na hata chumba kimoja cha anayepata 18,000.

Dhana: "KMRC itanikopesha."

KMRC ni kampuni inayofadhili mikopo ya nyumba, na haikopeshi mtu binafsi. Inazikopesha benki na Sacco kwa riba ya chini ili nazo zikukopeshe kwa muda mrefu. Nenda kwa Sacco yako uulize kama ni mwanachama wake.

Dhana: "Manyatta, Nyalenda na Kaptembwo ni ardhi ya serikali iliyovamiwa."

Hii ndiyo inayoharibu mipango mingi, maana hutolewa kwenye picha ya Nairobi na kubandikwa huku. Mpaka wa Kisumu ulipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulimeza vijiji vilivyokuwa na wenyewe. Sehemu kubwa ya Manyatta na Nyalenda ni ardhi ya familia yenye hatimiliki, na wajukuu wa wenye mashamba ndio leo wenye ploti. Kwa upande wa Nakuru, Kaptembwo na Rhonda zilitokana na mashamba yaliyonunuliwa na kampuni na vyama vya kununua ardhi, kisha yakakatwa vipande kwa wanahisa.

Tofauti hii hubadilisha kila kitu. Serikali haiwezi kuingia Nyalenda na kujenga ghorofa kama inavyofanya kwenye mtaa wa zamani wa manispaa. Ikitaka barabara yenye upana wa mita tisa, lazima izungumze na wenye hati mmoja mmoja na kuwalipa fidia. Na mpangaji wa pale si mvamizi. Ana haki za mpangaji, tutakazoziona hapa chini.

Hata yule anayekaa bila haki kwenye ardhi hatolewi usiku mmoja kwa tingatinga. Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya 2016, inadai notisi ya miezi mitatu au zaidi. Kwa ardhi ya mtu binafsi, notisi iwe ya maandishi, iseme vitu na majengo yataondolewaje, na nakala ipelekwe kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa OCPD, mkuu wa polisi wa divisheni ya eneo. Anayepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kuipinga. Siku ya kuondolewa, maafisa wa serikali wawepo na waliotumwa wajitambulishe. Vijana waliofunika nyuso saa kumi alfajiri hawamo kwenye sheria hiyo.

Dhana: "Sina mkataba wa maandishi, kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kunitoa atakavyo."

Mkataba wa mdomo wa upangaji usiozidi miaka miwili ni halali kabisa chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012. Shida ni kuuthibitisha, na hapo ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha kiasi kilekile kwenda kwa mtu yuleyule kila mwezi ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Usiufute.

Unayelipa kwa mwezi bila makubaliano mengine ya notisi, muda wa notisi hauwezi kuwa chini ya mwezi mmoja, na inapaswa kuisha siku ambayo kodi hulipwa. Tuseme kodi yako ni tarehe 5. Notisi ukiipata tarehe 3 Machi, inaisha tarehe 5 Aprili. Ukiipata tarehe 12 Machi, tarehe 5 Aprili ni karibu mno na tarehe 12 Aprili si siku ya kodi, hivyo inaisha tarehe 5 Mei. Kanuni hiyo inakubana wewe pia unapohama. Wapangaji wengi hupoteza amana zao kwa kutoa notisi katikati ya mwezi.

Mwenye ploti aliyechoka kusubiri ana mbinu zake: kufuli juu ya kufuli yako, mlango kung'olewa "upelekwe kwa fundi", mabati mawili kutolewa juu ya kitanda msimu wa mvua, tokeni za stima kukosekana chumba chako tu. Hakuna hata moja iliyo njia halali ya kudai kodi. Akitaka kukamata mali kwa deni, hiyo ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni. Keateka na mpwa wake hawana mamlaka hayo.

Vyumba vya kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na bado vipo Obunga kule Kisumu na Rhonda kule Nakuru, vinalindwa zaidi. Sheria ya Kudhibiti Kodi inavipeleka kwenye jopo maalumu la kodi za nyumba. Mpangaji hatolewi bila amri ya jopo hilo, na kumsumbua ili ahame mwenyewe ni kosa la jinai. Kiwango cha 2,500 ni cha zamani na kimeachwa nyuma na bei za leo, kwa hiyo bedsita nyingi za Nakuru zimeshatoka nje yake. Kwa maoni yetu huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika sera nzima ya nyumba, na hauhitaji saruji kuurekebisha.

Amana isiporudishwa, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai ya hadi shilingi 1,000,000, hulazimiki kuwa na wakili, na hukumu inatakiwa kutolewa ndani ya siku 60. Ipo Nakuru na ipo Kisumu. Beba ujumbe wa malipo, picha za chumba ulivyokikuta na ulivyokiacha, na nakala ya notisi uliyotoa.

Dhana: "Kibali cha ujenzi ni njia ya kaunti kula pesa."

Malalamiko kuhusu ucheleweshaji yana msingi. Lakini Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 ina dawa yake: usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Ili siku hizo zihesabike, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wenye tarehe siku ya kuwasilisha. Ukikataliwa una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti. Ukijenga bila kibali, faini ni hadi 500,000 au jela hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Sababu za msingi za kudai kibali ziko chini ya miguu. Uwanda wa Kisumu una udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Msingi uliochimbwa futi mbili juu ya udongo huo huanza kupasuka baada ya misimu michache, na ufa huanzia pembe ya dirisha ukipanda kwa mshazari. Dawa ni kuuchimba mpaka tabaka gumu na kujaza mawe, au kumlipa mhandisi achore msingi unaofaa. Nakuru shida ni nyingine: udongo mwepesi wa majivu ya volkeno, na nyufa za ardhi zinazofunguka baada ya mvua kubwa.

Halafu kuna choo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30. Umbali unaopendekezwa kati ya kisima na choo cha shimo ni mita 30. Weka kisima pembe hii na shimo pembe ile, umefika kwa taabu. Sasa jirani naye achimbe shimo lake nyuma ya ukuta, mita tatu kutoka kisimani kwako. Hakuna mwenye ploti anayeweza kutatua hilo peke yake. Ndiyo maana bomba la KIWASCO au la NAWASSCO, kampuni za maji za Kisumu na Nakuru, na mfereji wa majitaka hushusha gharama ya kuishi zaidi ya rangi mpya ukutani.

Dhana: "Barabara na taa zikija, kila mtu mtaani amefaidika."

Mradi wa kuboresha mitaa duni, KISIP, ulioanza 2011, umeleta barabara, mitaro na taa za mlingoti katika miji hii. Anayefaidika kwanza ni mwenye hati, maana thamani ya ploti inapanda siku lami inapowekwa. Mpangaji hupata barabara, na mara nyingi hupata kodi mpya pia. Ukisikia wapimaji wameanza kupita mtaani kwako, huo ndio wakati wa kuomba mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja au miwili, wenye kodi iliyotajwa na kiasi kitakachoongezwa. Baada ya taa kuwaka, nguvu ya kujadiliana imeshahamia upande wa pili.

Dhana: "Nyumba ni kazi ya Nairobi."

Katiba inaipa serikali kuu sera ya nyumba, na inazipa kaunti mipango na maendeleo ya eneo, pamoja na nyumba. Bondeni mjini Nakuru, nyumba 605 zilisimama juu ya ardhi iliyotolewa na kaunti. Mitaa ya zamani ya manispaa kama Kivumbini na Flamingo kwa Nakuru, au Lumumba na Makasembo kwa Kisumu, iko mikononi mwa kaunti, na uamuzi wa nani atarudi baada ya ujenzi mpya huanzia hapo.

Kwa hiyo tarehe ni muhimu. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Kikao cha maoni cha wodi kinachofanyika Januari bado kinaweza kubadilisha kitu. Cha Mei ni cha kuwasikiliza wakisoma. Ukienda, peleka ombi lenye vipimo: mita 400 za bomba la majitaka kutoka ploti fulani hadi shimo kuu la barabara fulani. "Tusaidiwe na vyoo" haiingii kwenye safu yoyote ya bajeti.