Tunaposema muuguzi awajibike

Mama akifia leba, au mtoto akichomwa sindano ya tako na mguu ukalegea, kauli ya kwanza kusikika hapa Kigoma, kuanzia vijiwe vya Mwanga na Ujiji hadi vipindi vya asubuhi redioni, ni hii: "Muuguzi awajibishwe!" Anayesema anamaanisha asimamishwe kazi, apelekwe polisi, au angalau ahamishwe. Ukiingia kwenye vikao vya watumishi utalikuta neno hilohilo likibeba mzigo mwingine. "Tunataka uwajibikaji" maana yake fikeni saa moja na nusu, vaeni sare, wekeni simu mbali. Matumizi yote mawili yamepotoka, na kwa kuwa yanahusu uhai wa watu siwezi kuyaacha yapite.

Wajibu wa muuguzi ni kazi aliyokabidhiwa, ambayo elimu yake na leseni yake vinamruhusu kuifanya. Uwajibikaji ni kule kupaswa kueleza alichokifanya: alifanya nini, saa ngapi, kwa kuongozwa na ujuzi gani, na kama hakufanya, kilimzuia nini. Wajibu unaujua kabla zamu haijaanza. Uwajibikaji unadaiwa pale mtu mwenye haki ya kuuliza anapouliza. Maneno haya ni ya ukoo mmoja, ndiyo maana yanachanganywa, lakini wodini yana kazi mbili tofauti, na mtu anaweza kutimiza la kwanza huku akikosa kabisa la pili.

Hilo la mwisho ndilo watu hawaliamini, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mchukue mama mwenye kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Baada ya dozi ya kuanzia, utaratibu unaojulikana sana kwa sindano za msuli ni gramu 5 kila baada ya saa 4, tako hili kisha lile, hadi zitimie saa 24 tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho, lolote litakalochelewa. Dawa hii inaokoa, lakini ikizidi mwilini inalegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Kwa hiyo kabla ya kila dozi muuguzi anatakiwa kuhakikisha mambo matatu: mgonjwa anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa mguu unaruka, na mkojo wa saa 4 zilizopita haujapungua mililita 30 kwa saa.

Saa sita usiku dozi imefika. Muuguzi wa zamu anatazama chati, anavuta dawa, anachoma, anasaini. Dakika haikupotea. Wodi nyingine, usiku uleule, mwenzake anahesabu pumzi anapata 12, anagonga goti halijibu, mfuko wa mkojo una maji kidogo sana. Hachomi. Anampigia daktari, anaweka kalsiamu glukoneti karibu, ambayo ndiyo dawa ya kuizima magnesiamu, na anaandika kwenye faili: saa, hesabu alizopata, aliyempigia, alichojibiwa.

Ukipima kwa kipimo cha vile vikao vya sare na saa, wa kwanza ndiye mtumishi bora, maana kazi iliyoandikwa kwenye chati ameifanya kwa wakati, na wa pili amekosa dozi. Waulize sasa. Wa kwanza ulimkutaje mgonjwa kabla ya kuchoma? Hana la kusema, kwa sababu hakutazama. Hata kama mama yule aliamka salama, jibu lake bado halipo. Wa pili ana jibu kwa kila swali. Huyu ndiye aliyewajibika, na amewajibika kwa dozi ambayo hakuitoa.

Kisingizio kikubwa ni kile cha "daktari ndiye aliyeandika". Nimekisikia kwa wakongwe na kwa wanaotoka chuo jana. Daktari atajibu kwa alichoandika, hakuna ubishi. Lakini mkono uliochoma una leseni yake, na leseni hiyo haikutolewa kwa jina la daktari. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linamsajili mtu mmoja mmoja, na mtu mmoja mmoja ndiye anayeitwa kujieleza. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1953 na kupitiwa upya hadi toleo la 2021, nazo zinauweka mzigo huu kwa muuguzi mwenyewe. Dozi ikionekana kubwa kupita kiasi, kuuliza ni sehemu ya kazi. Najua ilivyo ngumu kwa binti wa miaka 23 kumuuliza daktari mbele ya wagonjwa. Hata hivyo ugumu huo haumwondolei kitu.

Hapa kuna jambo la historia yetu linalochangia kuchanganya. Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani katika miaka ya 1970 kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Hakuna aliyesema yeye ndiye aliyewatesa. Alibeba dhamana ya kiti, na kwa haki Watanzania wamekuwa wakimtaja kama mfano. Tangu hapo masikioni mwa wengi kuwajibika ni kuachia ngazi. Kwa waziri ina maana, kwa kuwa anajibu kwa ajili ya idara nzima. Muuguzi anajibu kwa uamuzi wake mwenyewe. Ukimtaka aondoke kabla hajaeleza, umeyapoteza maelezo yenyewe, na mwenzake anayeshika zamu kesho hatajua ni nini kilichoharibika.

Mweka hazina wa VICOBA akiulizwa fedha ziko wapi, anafungua daftari mbele ya wanachama. Ya faini na ya kumtoa yatafuata, kama yapo. Daftari la muuguzi ni faili, chati ya dawa, patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, na kitabu cha ripoti. Kwenye patografu mapigo ya moyo wa mtoto yanachorwa kila nusu saa. Patografu iliyojazwa yote kwa mpigo mama akishajifungua, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usio na papara, haimsaidii yeyote, na anayeijaza hivyo anajinyang'anya ushahidi wake mwenyewe siku atakapouhitaji.

Kuna na suala la kutuma. Muuguzi mfawidhi anaweza kumwambia mhudumu wa afya apime joto, au mwanafunzi afunge kidonda. Kazi imehama mkono. Lakini aliyetuma bado atajibu: je, alijua kwamba huyu anaiweza? Alirudi kuangalia? Mwanafunzi naye atajibu kwa kukubali asichokiweza. Hapa hakuna la kurefusha.

Linalohitaji kurefushwa ni mpaka wa uwajibikaji, maana huko ndiko wauguzi wa mkoa huu wanakoonewa. Fikiria mkunga aliye peke yake kwenye zahanati ya ufukweni kusini mwa Uvinza, huko kwenye vijiji kama Buhingu na Kalya, ambako kumfikisha mgonjwa mjini Kigoma ni safari ya kweli. Mama amejifungua, damu imepita mililita 500 na haikomi. Mkunga anatakiwa kuutambua mtoko huo mapema, kusugua tumbo la uzazi, kutoa oksitosini, dawa ya kulikaza tumbo hilo, kuweka dripu, kutoa mkojo, kuita msaada, kuandika rufaa yenye saa na vipimo. Haya yako mikononi mwake na atayajibu yote. Boti isipokuwa na mafuta, hilo si la kwake.

Oksitosini, kwa mfano, inapaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Friji ya sola ikifa wiki tatu na yeye akakaa kimya, ana swali la kujibu. Akiwa ameripoti kwa maandishi na nakala anayo, swali limeshapanda ngazi, limefika kwa aliyeipokea barua, na huyo naye atuambie alifanya nini nayo. Watafiti Thaddeus na Maine waliandika mwaka 1994 kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua akina mama wazazi: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Muuguzi anakutana na wa tatu, na ndiye anayelaumiwa kwa yote matatu kwa sababu ndiye wa mwisho kuonekana na sare nyeupe.

Anayejibiwa ni nani? Kwanza mgonjwa na ndugu zake, kabla hata ya mwajiri na Baraza. Na jibu halijatolewa mpaka lieleweke. Bibi anayesikia Kiha tu, ukimweleza kwa Kiswahili cha hospitali kilichojaa majina ya dawa, hujamweleza. Tafuta mwenzako anayekijua, wodini hapa hawakosekani.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaokuja na hasira halali, na ninyi watangazaji mnaozibeba hasira hizo hewani, ombi langu ni dogo. Mkitaka mtu asimamishwe, semeni asimamishwe. Kiswahili kina neno hilo na kila mtu atalielewa. Mkisema awajibike, basi ulizeni: nani alikuwa zamu? Alimwona mgonjwa saa ngapi? Alimkuta na hali gani? Alimwarifu nani, na huyo alijibu nini? Ombeni mganga mfawidhi awasomee kilichoandikwa kwenye faili, mstari kwa mstari. Na wakuu wa wodi, habari ya kuchelewa na sare iiteni nidhamu ya kazi, ndilo jina lake, ili mkisema uwajibikaji vijana wajue mnauliza kuhusu mgonjwa.